Maana ya Mwisho ya Jeki

Waingereza wanasifiwa kwa adabu, lakini mimi niliyepiga taipu kamusi ya lugha yao nusu ya maisha yangu naona ni wavivu tu. Wakiunda kidude kipya, badala ya kuumiza kichwa wakitafutie jina, wanakiita jeki, halafu wanakwenda kunywa chai. Kinachoinua gari ni jeki. Kitundu cha kuchomekea waya wa simu ni jeki. Kibao cha kuvulia buti, jeki. Chuma cha kugeuzia nyama juu ya moto, jeki. Hata kale kajiti ndani ya piano kanakosukuma nyundo ikagonge uzi, nako ni jeki. Kwetu Urusi kila kimoja kati ya hivyo kina jina lake, na fundi akisomewa jina lisilo la kifaa chenyewe anaweza kumvunja mwenzake mguu. Kwa sababu hiyo tuliajiriwa sisi.

Sisi, yaani idara ya kamusi katika taasisi ya mashine za nguo, hapa Ivanovo. Mkuu wetu alikuwa Avgusta Yermolayevna, mwanamke mfupi mwenye nyonga mbovu na sauti ya mwalimu wa zamu. Mimi, Rimma, nilikuwa mpiga taipu. Wa tatu alikuwa Prokhor Osipovich, fundi mitambo, mume wa Avgusta. Tulikaa nyumba moja ya kupanga vyumba, wao chumba chao na mimi changu, jiko letu sote, ukuta kati yetu mwembamba kiasi kwamba Prokhor akipiga chafya nilimwombea afya bila kuinuka kitandani.

Avgusta alikuwa na kanuni moja, na haikuwa na mlango wa nyuma. Maana yoyote haikuingia kwenye kamusi mpaka mtu aliyekishika kifaa chenyewe kwa mkono wake atie sahihi nyuma ya kadi. Kwingine walinakiliana vitabu, makosa ya babu yakarithiwa na mjukuu. Kwake hilo lilikuwa haramu. Ikitokea jeki mpya katika kitabu cha Kiingereza, Prokhor alipanda treni akaenda kuitafuta kiwandani, akaifungua kwa spana, akaleta nyumbani mkobani. Kwenye mashine aliandika kwa chaki: Nimeazima, nitarudisha, Prokhor. Na alirudisha. Enzi zile chuma cha kiwanda kilikuwa cha wote, na hakuna meneja aliyemnyima.

Kifaa kikifika waliondoa vikombe mezani, wakakigeuzageuza wote wawili. Nilikuwa nawasikia wakibishana, kisha wakicheka. Wanawake wengine huletewa maua. Avgusta aliletewa vyuma vyenye grisi, na sijaona mke aliyefurahi kuliko yeye. Mwishowe Prokhor alisema inafanya nini, Avgusta akaandika, Prokhor akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ya kitoto, herufi zimesimama wima kila moja peke yake, lakini alikuwa akijivuna nayo. Aliwahi kuniambia kwamba hajawahi kutia jina lake chini ya jambo ambalo si kweli, na mimi nilimwamini, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchosha namna hiyo.

Jambo jingine la kujua: alikuwa haonji pombe. Baba yake aliuawa na vodka, kaka zake wawili vilevile, na yeye alijua kwamba damu ni ile ile. Avgusta alipokubali posa alitoa sharti moja, na Prokhor akalishika. Harusini kwao alikunywa maji ya matunda huku wajomba wakimzomea.

Sasa ukafika mwaka wa tisini na sita. Mishahara ilikuwa haitoki. Taasisi ilitulipa mashuka, nasi tukayauza stesheni kwa abiria madirishani. Viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Idara yetu ilikuwa ivunjwe mwezi Machi, lakini wachapishaji wa Moscow walikuwa wameahidi: mkileta herufi yenu, ile ya J, imekamilika kabla ya Februari kwisha, tutaichapa. Neno lililobaki lilikuwa jeki, na katika neno jeki ilibaki maana moja tu.

Ilikuwa jeki ya mashine ya kufumia nguo, kipande cha chuma kilichopinda kama kiwiko cha mkono. Kitabu kimoja kilisema kinainua nyuzi za mtande, zile za urefu, ili uzi wa mshindio, ule wa kukingama, upite katikati. Kingine kilisema kinazivuta chini. Mashine ya aina hiyo ilikuwa imebaki moja mjini, ya Kiingereza, ya tangu enzi za mfalme, ghorofa ya tatu ya kiwanda kilichofungwa ng'ambo ya mto. Bwana mmoja alikuwa amekinunua kiwanda chote ili akiuze kwa kilo.

"Weka hivyo hivyo, kinainua," nilimwambia Avgusta. "Nani atakuuliza?"

"Mimi nitajiuliza," alisema. "Piga taipu, Rimma."

Prokhor alikwenda kuomba ruhusa. Mlinzi akamwambia arudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu, akaambiwa tena Jumatatu. Siku ya Ijumaa akaona wakata vyuma wakipandisha mitungi yao ya gesi, akajua Jumatatu hakutakuwa na kitu. Jumamosi asubuhi alichukua spana na chaki, akavaa koti la manyoya ya kondoo, akapita kwenye tundu la ukuta ambalo mji mzima ulikuwa ukilipita kwenda kuiba nyaya za shaba. Alipotoka na kile kiwiko cha chuma kifuani, walinzi walikuwa wamesimama wanamngoja. Walikuwa wamechoka kuibiwa na walitaka wa kumfanya mfano.

Habari alituletea Lyokha, jirani wa chini, mlevi wa kutupwa. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Mama Avgusta, mzee wako kadakwa! Na vyuma! Mtakatifu wetu!"

"Umelewa, Lyokha," nilisema.

"Mimi nimelewa, yeye kadakwa. Yote mawili kweli."

 Avgusta alivaa shali, akachukua sanduku la viatu lenye kadi zote za jeki, akanishika mkono. Barafu ilikuwa mbaya barabarani na nyonga yake inamlilia, tukaenda hatua kwa hatua kama watoto wawili.

Kapteni wa kituo aliitwa Dudorov, kijana aliyevimba macho kwa kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake alikuwa mfumaji katika kiwanda kile kile, alituambia, na sasa anauza mbegu za alizeti sokoni. Kile chuma kilikuwa mezani kwake juu ya gazeti.

"Haya mama, niambie. Mzee anasema alikuja kuchukua neno. Nimemuuliza mara tatu. Neno. Nikadhani amepigwa kichwani."

"Hakupigwa kichwani. Ni kweli," Avgusta alisema. "Hiyo ni jeki."

"Mama, jeki naijua. Iko kwenye buti ya gari langu."

"Hiyo ni moja. Zipo nyingine." Akafungua sanduku, akaanza. Mungu wangu, aliongea! Alimtolea kadi moja moja. Hii ya wachimba madini. Hii ya piano. Ipo na ya meli, si kifaa, ni bendera ndogo, hiyo hatukuiweka kwa kuwa si mashine. Dudorov alianza kwa kuguna, akaishia kuegemeza kidevu mkononi.

"Hiyo ya kuvulia buti ipoje?"

"Kibao chenye pengo. Unakanyaga kwa mguu mmoja, unachomeka kisigino cha mwingine, unavuta."

"Loo! Babu yangu alikuwa nacho hicho. Sisi tulikiita mtumwa."

"Tumeandika," Avgusta alisema, akamwonyesha kwenye kadi. Nyuma yake ilikuwepo sahihi ya Prokhor. "Kila kifaa amekiazima na kila kifaa amekirudisha. Hata hiki aliandika kwa chaki kwamba ameazima. Iko pale kwenye mashine, nendeni mkasome."

Dudorov alinitazama mimi. "Dada, una miguu mizima. Ukinipatia hayo maandishi ya chaki, yawe kwenye ubao, yawe kwenye chuma, nitayapiga picha. Nitakuwa na cha kumwambia mwenye kiwanda."

Nilikimbia. Sikujua kwamba naweza kukimbia. Kule ghorofa ya tatu madirisha yalikuwa yametolewa na theluji inaingia ndani. Vijana wenye miwani ya kuchomelea walikuwa wamekaa juu ya mitungi wanakula mkate na mafuta ya nguruwe. Pale ilipokuwa mashine ya Kiingereza palikuwa na alama nne za miguu yake kwenye sakafu, basi.

"Iko wapi?" niliuliza.

"Ipi, mrembo?"

"Ya Kiingereza. Ilikuwa imeandikwa kwa chaki."

"Chaki!" Mmoja alicheka, akamgeukia mwenzake. "Umeona chaki wewe? Mimi nimeona kutu tu. Ile imeshakatwa, imepanda lori, saa hizi iko kwenye behewa. Mkimbilie treni."

Walinikatia kipande cha mkate. Nilikikataa kwa hasira, na njiani nikajuta, kwa sababu sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi.

Dudorov aliponisikiliza alifunga mlango wa ofisi yake. Alikaa. Akaanza kuongea polepole, kama mtu anayemfafanulia mgonjwa dawa.

"Avgusta Yermolayevna, mimi nimekuelewa. Nakuamini kabisa. Lakini habari hii siwezi kuiandika, haina pa kuingia. Nikiandika kwamba alikuja na spana, akakilenga kifaa hiki na si kingine, kwa ajili ya kazi ya taasisi, huo unakuwa wizi wa kupanga. Mwenye kiwanda anautaka huo. Nitampeleka mahabusu ya mkoa, kesi itasikilizwa kiangazi. Kule wanalala kwa zamu na nusu yao wana kifua kikuu. Nimemsikia anavyokohoa."

"Na njia nyingine?"

"Njia nyingine ni vodka. Aandike kwamba aliokota chuma akauze, anunue chupa. Hapo ni mambo madogo, ni faini, ni aibu kidogo, na leo hii anakula chakula cha jioni nyumbani. Vodka kila mtu anaielewa. Jaji anaielewa, mwenye kiwanda anaielewa. Nani asiyeielewa?"

 Nilimwona Avgusta anavyobonyeza kifuniko cha sanduku lake mpaka kikabonyea.

"Mlete," alisema.

Prokhor aliletwa bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa wa buluu midomoni. Cha kwanza alichouliza si habari zetu.

"Gusta, umekiona? Kile cha juu ndicho—"

"Nyamaza, Prosha. Nisikilize. Utaandika kwamba ulitaka kukiuza."

"Kukiuza? Nani?"

"Wewe. Ukanunue vodka."

Alicheka. Kisha akaona kwamba sisi hatucheki.

"Mimi sinywi."

"Najua kwamba hunywi! Nani anajua kuliko mimi? Andika tu."

"Si kweli, Gusta. Sasa nitaandikaje? Mimi nimekiazima. Nilikuwa nirudishe Jumatatu."

"Urudishe wapi?" nilifoka. "Prokhor Osipovich, hakuna pa kurudisha! Wameshaikata, wameipakia, wameipeleka! Wewe peke yako ndiye uliyebaki na adabu katika mji huu, na unaona ilipokufikisha."

Alinitazama kwa uso wa mtoto aliyezabwa kibao na mtu asiyemdhania. Avgusta alimshika ile mikono yake mikubwa yenye makovu, akaanza kumbembeleza. Sijapata kumsikia akibembeleza mtu. Alimwambia kwamba hataishi mpaka kiangazi. Alimwambia kwamba yeye nyonga hazimbebi tena, nani atamletea kuni na maji akibaki peke yake. Alimwambia maneno mengine kwa sauti ya chini, na mimi na Kapteni tukaangalia dirishani.

Akaandika. Dudorov alimsomea maneno naye akayafuata: niliiba kipande cha chuma ili nikiuze na kununua chupa ya vodka. Chini akaweka jina lake, herufi wima, moja moja.

"Na chuma chukueni," Dudorov alisema, akaviringisha gazeti. "Mwenye kiwanda hakihitaji. Mimi nacho nikiweke wapi?"

Basi tukarudi nacho nyumbani, kifaa chetu cha mwisho, na hakuna aliyefurahi. Avgusta alipasha supu ya kabichi. Waliondoa vikombe kama kawaida yao. Mimi niliitwa nishike taa, kwa sababu balbu ya mezani ilikuwa imekufa.

"Tazama," Prokhor alisema, na kwa muda alisahau kila kitu. "Huku chini kinavutwa. Huku juu kinainua. Vitabu vyote viwili viliona nusu nusu. Kazi yake ni kuinua."

Avgusta aliandika kwa mwandiko wake mdogo. Aliigeuza kadi, akaisogeza kwake pamoja na kalamu. Prokhor alitia mikono chini ya meza.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Leo nimeshatia sahihi moja, na ni ya uongo. Mkono ni huu huu. Nikitia hapa, hii itakuwa na thamani gani? Na zile nyingine zote?"

"Prosha, ile ni karatasi ya polisi tu!"

"Ni jina langu, Gusta."

Walibishana, lakini safari hii hakuna kicheko kilichofuata. Nilirudi chumbani kwangu, na nikasikia kitanda chao kikilia Prokhor alipogeukia ukutani.

Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti lake la sherehe, akachukua kile chuma kwenye gazeti lake, akatoka. Tulidhani anampelekea Kapteni, afute yale aliyoandika. Avgusta alimfuata kwa macho dirishani mpaka kona. Nilikuwa jikoni namenya viazi aliporudi, mikono haina chuma. Akaweka chupa mezani.

"Rimma, niazime glasi."

"Umeingiwa na wazimu?"

"Niliandika kwamba nimeiba chuma nikiuze ninunue vodka." Alikuwa anaongea kwa utulivu, vile alivyozoea kunifafanulia gurudumu gani linazungusha lipi. "Sasa chuma nimekiuza pale kwenye kibanda cha vyuma chakavu. Vodka hii hapa. Bado kunywa tu. Nikinywa, nilichoandika kitakuwa kweli."

Nilimwita Avgusta kwa kelele. Alikuja na fimbo yake, akaona chupa, akashika fremu ya mlango.

"Prosha, usiguse hiyo. Uliniahidi."

"Niliahidi, ndiyo. Na jana ukaniomba niandike."

"Ile karatasi hakuna atakayeisoma! Imeshatupwa kabatini!"

"Na kamusi yetu, nani ataisoma?" Hakumwuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.  Viwanda vilikuwa vimekatwa. Wafumaji walikuwa wanauza mbegu.

Alijimiminia, akanywa, akakohoa vibaya. Akanywa tena. Masikio yake yakawa mekundu. Nilimwona usoni kitu ambacho sijakiona katika miaka yote ya kukaa naye: ile vodka ilimpendeza. Ilimpokea kama mtu wa nyumbani, na yeye mwenyewe alishtuka.

"Basi," alisema. "Sasa leta kadi."

Nilijua Avgusta atainyakua ile chupa aipasue kwenye sinki. Mimi ningefanya hivyo.  Badala yake aligeuka, akaenda chumbani kwa fimbo yake, akarudi na kadi na kalamu. Sijamsamehe jambo hilo, na sijui kama nina haki ya kutomsamehe.

Alitia sahihi. Ilisimama wima kama zote. Avgusta aliipuliza ili wino ukauke, naye Prokhor akavuta chupa tena.

"Inatosha," Avgusta alisema. "Umeshakunywa. Imeshakuwa kweli."

"Niliandika chupa, Gusta. Si glasi."

Nilipeleka sanduku posta mwenyewe, kabla ya Februari kwisha. Mwezi Machi sanduku likarudi. Wachapishaji walieleza kwa heshima zote kwamba kamusi hawachapi tena, sasa wanachapa vitabu vya nyota na mapishi. Idara ilivunjwa, tukapewa mashuka ya kuagia.

Prokhor hayo hayakumfikia vizuri. Wiki iliyofuata ile chupa alikuwa ameshaanza kushuka kwa Lyokha, na Lyokha alimkaribisha kwa mikono miwili. Mji mzima ulimpenda ghafla, kwa kuwa sasa alikuwa kama wao. Mara mbili tulimkuta amelala kwenye theluji karibu na geti. Baada ya mara ya pili Avgusta alianza kuuza mashuka yake stesheni, mwenyewe, na nyonga zile. Akirudi jioni alikaa na mumewe jikoni, sanduku la viatu limekaa kwenye kiti cha tatu, neno zima limo ndani, halina maana hata moja iliyopungua. Alitoa chupa chini ya shali, akammiminia kwa mkono wake, ili asitoke nje kwenye baridi.